Chapa ya Ngamia kwenye Kompyuta ya Hamdi

Wenzangu mliosoma upande wa Eldas enzi zile, mtakumbuka kwamba kitabu hakikuwa cha mtu mmoja. Kimoja kiliwatosha watoto saba, au tuseme watoto saba walilazimika kutosheka nacho. Mwenye bahati aliketi katikati, wengine wakasoma kwa pembeni, na waliobanwa upande wa juu wa kitabu wakajifunza kusoma maandishi yaliyopinduka. Namfahamu mfanyabiashara mmoja wa mifugo mjini Garissa ambaye mpaka leo akiketi mkabala nawe husoma gazeti lako likiwa juu chini, tena haraka kuliko wewe uliyelinunua.

Shuleni tulifika tukitokea duksi, yaani chuo cha Kurani, ambako tangu alfajiri tulikuwa tumekumbatia loho zetu, zile mbao tulizoandikia aya kwa wino wa makaa na gundi ya mgunga. Vidole vilikuwa vyeusi, na midomo ikinukia mafuta ya simsim ya anjera, ile mikate laini ya asubuhi, na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa chombo kilichofukizwa. Maalim wetu wa duksi alikuwa na sheria moja ambayo hakuna machozi yaliyoilegeza: huoshi loho mpaka kilichoandikwa kiwe kifuani mwako. Ukiiosha kabla ya hapo, fimbo yake ilikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko yako.

Mwalimu wetu wa shule, Mwalimu Kilonzo, alitoka Ukambani, Mkristo aliyeletwa na serikali. Mwanzoni tulimcheka kwa sababu alioga kila siku kwa maji ambayo yangewanywesha mbuzi watatu. Naye alikuwa na sababu zake za kutucheka. Tuliposema “benseli” na “fitabu”, alitusahihisha bila dhihaka, mara ishirini kwa siku, na kesho yake akaanza upya.

Nilipokuwa darasa la tano, mvua ilikatika na baba akaamua kuhama na ngamia. Nilikwenda kumuaga mwalimu nikiwa na hakika kwamba shule yangu imekwisha. Alichukua kitabu cha Kiswahili cha darasa letu, akakifunga katika kitambaa cha gunia la unga.

“Hiki ni cha serikali,” alisema. “Kikipotea, mimi ndiye nitakayeulizwa.”

Akanipa. Ni kitu cha kwanza ambacho mtu mzima asiye wa ukoo wangu aliwahi kuniamini nacho.

Huko malishoni nilikisoma kama nilivyosoma loho, sikufungua ukurasa mpya kabla ule wa nyuma haujaingia kifuani. Miezi miwili ilipita salama. Kisha, adhuhuri moja nilipokwenda kusali, mbuzi wa hooyo, yaani mama yangu, alikivuta kutoka kwenye kitambaa akala kurasa nane za hadithi tuliyoipenda kuliko zote. Nilipomfikia, wa mwisho ulikuwa ukining'inia mdomoni mwake.

Hooyo alinitazama nikilia, akasema, “Sasa mbuzi huyo amesoma kuliko wewe.” Alipoona kilio hakikomi, akaongeza, “Maliza kulia, kisha uandike ulichokuwa ukidai unakijua.”

Basi niliandika. Niliomba karatasi za kaki za kufungia sukari kwa mwenye duka kisimani, nikachanganya wino wa makaa, nikachonga kijiti. Kurasa saba zilitoka kama maji. Wa nane uligoma. Hadithi ilimhusu mkulima wa milimani mwenye ng'ombe na shamba la migomba, nami sikuwahi kuona mgomba. Kumbukumbu iliponitupa nilijaza kwa akili zangu, kwa hiyo mkulima aliyeanza na ng'ombe alimaliza akikamua ngamia katikati ya migomba. Hooyo alizishona kurasa zile kwa sindano yake ya kushonea mikeka.

Tuliporudi, nilitembea hadi shuleni nikiwa nimekibana kitabu kwapani. Mwalimu Kilonzo alikuwa amesimama mlangoni. Hakukitazama kitabu. Alitazama miguu yangu iliyopasuka visigino, akatazama kidole nilichofunga kwa kitambaa, akasema, “Mbona umekonda hivi?” Akaagiza chai yenye sukari nyingi. Nilipoimaliza ndipo aliponyoosha mkono.

Alisoma kurasa za kaki kimya. Alipofika kwa ngamia mabega yake yalitikisika, lakini hakurekebisha kitu. Madarasa yaliyotufuata yalikisoma kitabu kile vivyo hivyo, na huenda mmoja wenu anayesoma maneno haya bado anaamini kwamba watu wa milimani hufuga ngamia kwenye migomba. Mniwie radhi.

Siku hizi mimi ndiye mwalimu, katika shule moja iliyo nje kidogo ya Tarbaj. Wageni wa shirika moja la ufadhili walituletea kompyuta ndogo za watoto, zile za bei nafuu zenye plastiki nene ya kijani na mpini wa kubebea, pamoja na paneli za jua za kukunja. Walipiga picha nyingi, wakaondoka. Sikatai kwamba ni neema. Ndani ya mashine moja mna vitabu ambavyo ngamia kumi wasingevibeba. Hata hivyo tangu siku ile sijatulia, kwa kuwa nilikabidhiwa ufunguo wa kabati la chuma na daftari la namba. Mashine haikutakiwa kutoka shuleni bila sahihi yangu.

Hamdi ni binti wa dada yangu, yuko Gredi ya Sita, mwaka wa mtihani. Ananiita abti, yaani mjomba, nami namwita abti vilevile, ndivyo tunavyoitana. Ukame ulipozidi mwishoni mwa muhula, baba yake aliamua kuhama, na mtoto akaja mbele ya meza yangu akiwa amekunja mikono kama askari.

“Abti, nataka niende na mashine.”

“Ikizima huko utasoma nini?”

“Haizimi. Ina paneli.”

“Nimesema ikizima. Kila utakachosoma humo, kisome mpaka uweze kukisema ikiwa imefungwa.”

Alicheka. “Abti, hayo ni mambo ya loho! Siku hizi mtu hajazi kichwa. Kila kitu kiko humu ndani.” Akaigonga mashine kwa kidole, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yake.

Vijana wetu ndivyo walivyo. Wanajua mahali kila kitu kilipo, na hilo wanaliita kujua. Nilitaka kumhutubia, nikakumbuka kitambaa cha gunia la unga, nikatia sahihi.

Kesho yake walipopita kuniaga nusura nianguke. Shemeji yangu alikuwa amepasha chuma moto na kuipiga mashine chapa ya ngamia wake kwenye kifuniko, duara na mkia. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kujikunja, na harufu ya moshi haijatoka.

“Shemeji, hii ni mali ya wafadhili! Ina namba yake hapa!”

“Namba hiyo huko malishoni nani anaisoma?” alijibu bila haya. “Ngamia wangu akipotea hata karibu na mpaka, mtu akiona chapa hii anajua amrudishe kwa nani. Nyinyi wasomi mmempa mtoto mnyama asiye na alama, halafu mnaniuliza mimi?”

Hamdi alikuwa akiipangusa chapa ile kwa ncha ya buibui, taratibu, kwa fahari.

Shule zilifunguliwa wiki tatu zilizopita. Kiti chake kiko wazi. Wenzangu mnaofundisha mnajua wino unavyokwenda katika daftari la mahudhurio. Kwanza huandikwa hayupo, kisha amehama, kisha mstari mwekundu, na mwaka unaofuata unasikia kwamba msichana ameolewa. Nimewahi kuchora mistari hiyo kwa mkono wangu. Mkono unazoea, na hilo ndilo linalonitisha.

Juma lililopita kijana wa ofisi ya wafadhili alinipigia simu kutoka Nairobi.

“Mwalimu, niaje? Kuna mashine moja yako, namba kumi na saba, haijawaka siku kumi na tisa. Iko wapi?”

“Iko kwa mwanafunzi. Amehama na wazazi.”

“Sawa, lakini naona tu haijawaka. Nitaandika imepotea?”

“Na mwanafunzi je? Huoni lolote juu yake?”

Nilimsikia akibofya. “Mwanafunzi hayuko kwenye mfumo, mwalimu. Hapa ni mashine tu.”

Nilimwambia asiandike neno. Kisha nikakaa nikiwaza zile siku kumi na tisa. Huenda ni vumbi kwenye paneli. Huenda ni waya uliotafunwa na mbuzi wa kizazi kipya. Huenda ni jambo ambalo sitaki kulitaja.

Siku ya soko nilikwenda Tarbaj kwa wauza ngamia. Mzee mmoja alikuwa ametoka pande walikoelekea. Kwetu habari haikimbizwi, kwa hiyo tulisalimiana, tukaulizana mvua na malisho, ndipo nilipochora duara na mkia mchangani kwa kidole.

“Ngamia wa chapa hiyo niliwakuta kisimani, siku nane zilizopita,” alisema. “Na kuna kisanduku cha kijani chenye chapa hiyo hiyo, kimetundikwa kwenye nyumba yao. Wallahi, sikuwahi kuona sanduku lenye ukoo.”

“Kilikuwa kinawaka?” niliuliza upesi.

Mzee alinitazama. “Sijui. Kuna binti pale, maalim. Hukuniuliza habari zake.”

Damu ilinipanda usoni. Nimesoma vitabu vingi maishani, nimewakemea vijana wengi kwa kutazama kioo badala ya kumtazama mtu, na ulimi wangu ulipopewa nafasi ya kuuliza swali moja, uliuliza kama yule kijana wa Nairobi.

“Yuko vipi?” nilisema.

“Mzima. Alikuwa akivuta maji. Nilidhani anaongea peke yake, maana midomo yake haikutulia, kama mtoto wa duksi anayeogopa kuosha loho yake.” Akainuka, akajikung'uta vumbi. “Walisema watarudi. Lini, Mungu ndiye ajuaye.”

Siku nane ni nyingi katika ukame, na watu waliosema watarudi nimewasubiri sana katika kazi hii. Enzi zetu tulidhani walimu hawaogopi kitu. Nilipokuwa nikilala kwa raha kando ya ngamia wa baba, huenda Mwalimu Kilonzo alikuwa akisimama mlangoni kila asubuhi akitazama vumbi la barabara, bila simu wala mfumo wa kumwambia lolote. Sikumuuliza kamwe. Nilikunywa chai yake nikadhani ni chai tu.

Fomu ya wafadhili ya hali ya mashine iko mezani, ina nafasi ya betri, ya kioo na ya vitufe. Mstari wa namba kumi na saba nimeuacha wazi. Sukari nimenunua, iko kwenye kabati la chuma pamoja na mashine. Na siku Hamdi atakapotokea pale langoni, inshallah, naomba macho yangu yaanze na miguu yake.