Jezi Zenye Jina Kifuani

Kabla kampuni ya kubeti haijatuletea jezi, timu ya kijiji chetu, nje kidogo ya Kasulu, ilivaa nilizoshona mimi. Niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, nikabaki na cherehani yake na wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike. Namba nilizikata kwenye viroba vyeupe vya unga. Mvua ikinyesha, maandishi ya kiwanda yalijitokeza migongoni, na mashabiki wa Munanila wakapiga kelele, "Unga huo! Maharage yako wapi?" Mdogo wangu wa kiume, mshambuliaji wetu, aliwajibu kwa magoli. Nimeshashona magauni ya harusi, lakini jezi zile ndizo ninazozikumbuka.

Kampuni hiyo inadhamini timu kubwa ya Dar tunayoishangilia redioni. Wakala wake wa Kasulu alituletea seti nzima, jina limeandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Mdogo wangu alipewa namba tisa, akalala nayo. Zangu zikagawiwa, nyingine zikawa matambara ya kudekia.

Kisha ukaja mchezo na Buhigwe. Kocha wa timu moja ya Kigoma mjini alikuwa ameahidi kuja kumtazama mdogo wangu, jambo ambalo halijawahi kumpata kijana yeyote wa kwetu. Lakini kiwanja ni cha kanisa, na mzee wa kanisa alituma neno: jina la kamari halitakimbia kwenye kiwanja hicho.

Nilikwenda kwake. Kwetu huanzi na shida. Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu nikimsalimu, "Mwakeye," tukaulizana habari za migomba, za mbuzi, za wagonjwa. Ndipo nikasema kilichonileta.

"Mwanangu, sina ugomvi na mpira," mzee alisema. "Nina ugomvi na jina."

"Mzee, redio yako inalitaja jina hilo kila goli likiingia. Na umeiweka juu ya kabati la Biblia."

Mkewe akaangua kicheko. "Haya, mjibu mtoto!"

Mzee akakuna kidevu. "Redio naweza kuizima. Vijana kumi na mmoja nitawazimaje? Wafunike vifua, wacheze."

Wakala naye alitaka kwanza picha ya timu, jina likiwa wazi. Basi Jumamosi timu ilipigwa picha barabarani, nje ya mpaka wa kiwanja, kisha mimi na mdogo wangu wa kike tukaanza kuwashonea vitambaa vifuani, jezi zikiwa mwilini. Ulikuwa mshono mrefu wa kushikiza tu, wa kufumuliwa baadaye. Wachezaji wa Buhigwe walitusogelea wakicheka.

"Poleni jamani! Timu nzima imetoka upasuaji?"

Mdogo wangu wa kiume hakutulia. "Dada, utanichoma."

"Simama kama mtu anayetazamwa na kocha."

Akasimama. Chini ya vidole vyangu moyo wake ulikuwa unadunda, moyo wa mtoto niliyemlea tangu anatambaa. Nikakata uzi kwa meno.

Alifunga kipindi cha pili, kwa kichwa. Kitambaa kikachomoka upande mmoja, herufi mbili tatu zikachungulia. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama akipunga kofia, hakuona, au alijifanya hakuona. Mchezo ulipokwisha kocha alikuja mpaka tulipokaa.

"Namtaka yule ambaye kitambaa chake kilikuwa kinapepea."

Mdogo wangu aliondoka Jumatatu kwa basi la alfajiri kwenda Kigoma. Jioni nikasonga ugali kama ninavyousonga siku zote.

"Dada," mdogo wangu wa kike akauliza, "huu nani ataumaliza?"

Nilitazama sufuria, nikamwambia asogeze mboga. Tulikula polepole, tukimzungumzia aliyesafiri, mpaka ugali ukaisha.