Mtoto Aliyemfundisha Mama Yake Kukata Michembe

Nyumba yangu ya kwanza ya bati niliijenga Geita nikiwa sijafikisha miaka ishirini na mitano. Shule niliishia darasa la nne. Nilitoka kijijini kwetu, Shinyanga, na baiskeli ya kuazima, nikaenda kuchimba dhahabu, na haikupita miaka mitatu nikawa na maduara mawili, yale mashimo yetu ya kuchimbia, na pampu ya kuvuta maji, na vijana kumi na wawili wanaokula kwangu. Wanaosema napenda kujisifu wana haki yao. Waliokuwepo wanajua sijaongeza hata bati moja. Lakini hili ninaloliandika hapa sikulifanya mimi. Alilifanya mke wangu, nami kwa miaka mingi nimekuwa nikilisimulia kwenye vikao kana kwamba lilikuwa akili yangu. Leo naliweka mahali pake.

Mke wangu nilimpata Chato, akiuza dagaa stendi ya mabasi. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakahangaika huku na huku mpaka wakatua kando ya ziwa. Nilipomfahamu walikuwa wamefariki wote wawili, na hakuwa na kaka wala mjomba. Alikuwa na Kiswahili tu, tena kizuri, kimenyooka. Changu mimi kilikuwa kinanuka ng'ombe. Siku ya kwanza niliponunua dagaa wake aliniuliza, "Kaka, wewe umeshuka na basi au umeshuka na mifugo?" Watu wakacheka. Nikarudi kesho yake kununua dagaa wengine, na keshokutwa, mpaka vijana wangu wakanisihi niwabadilishie mboga.

Mama yangu hakumpenda. Nilipompeleka kijijini alimwangalia kama mtu anavyoangalia mbuzi asiye na alama ya mwenyewe. Mke wangu alimsalimia shikamoo akiwa amesimama na mkono ameunyoosha, wakati kwetu mkwe hupigiwa magoti. Mama akaitikia, kisha akanivuta pembeni akaniuliza kwa Kisukuma, "Wilaya nzima hii umekosa mwanamke, mpaka ukaokote mtu wa kuja? Siku mkigombana nitampeleka kwa nani?"

Nilimjibu kwamba hatutagombana. Nilikuwa kijana, nina hela mfukoni, ningemjibu nini kingine?

Tukapata mtoto wa kike, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sasa, kwetu kuna desturi ambayo sikuwahi kuiona kama desturi, niliiona kama mvua tu: mtoto wa kwanza akiachishwa ziwa anakwenda kwa bibi. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Bibi anapata wa kumtuma maji ya kunywa, mtoto anapata maziwa na hadithi na adabu, wazazi wanapata nafasi ya kufanya kazi. Kambini kwetu kulikuwa na matope, zebaki na watu wa kila aina. Mama alipotuma salamu kwamba mjukuu wake ameshakua vya kutosha, nilifunga mzigo siku hiyo hiyo.

Mke wangu alisema, "Baba mtoto, kwetu hatufanyi hivyo."

"Kwenu ni wapi?" nikamwuliza.

Nilijua hawezi kunijibu, ndiyo maana niliuliza. Mwanamke mwenye kaka angeondoka asubuhi, na jioni ningekuwa na wanaume watatu mlangoni wananihoji. Yeye alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu, akamvika mtoto gauni la manjano, akanipa.

Mwaka wa kwanza alikwenda kumwona mara mbili. Kila alipoondoka mtoto alilia siku tatu, na mama akasema kwamba safari hizo zinamtonesha mtoto kidonda, afadhali amwache atulie. Akamwacha. Mimi nilikuwa nakwenda kila baada ya mavuno na sukari, vitenge na mafuta ya taa, namkuta binti yangu mnene, ana kelele, anachunga ndama, anamwita mama yangu *mayu*, yaani mama. Niliona kila kitu kinakwenda sawasawa. Miaka minne ilipita hivyo.

Alipokaribia umri wa shule nikaenda kumchukua. Nilitaka asome mjini, avae viatu, asije akachekwa kwa ulimi wake kama nilivyochekwa mimi. Mama alinipa bila ugomvi, maana nayo ni desturi, mtoto hurudi. Alimfungia kibuyu cha maziwa mgando na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, chakula chetu cha kiangazi. Mtoto aliushika mfuko ule tangu Shinyanga, kwenye basi, kwenye feri, mpaka Geita. Usingizi wake wote aliulala juu yake.

Mke wangu alikuwa amepika wali na samaki, amesuka nywele, amekaa mlangoni. Mtoto akamwona, akapiga magoti vizuri sana, akamwamkia kwa Kisukuma kama anavyoamkiwa mgeni. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kisukuma tunaondoka saa ngapi.

"Anasema nini?" mke wangu akauliza.

"Anasema shikamoo mama."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza wa siku ile. Niliendelea kuwa mkalimani kati ya mama na mtoto wake wa kumzaa, na nilikuwa mkalimani mbaya, kwa sababu mengi yaliyosemwa hayakutafsirika bila kumwumiza mtu. Nilipokwenda duarani walibaki wawili ndani ya nyumba yangu ya bati, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Mtoto hakula kilichotoka kwenye sufuria ya mama yake. Alitafuna michembe yake mikavu, anahesabu iliyobaki.

Mimi nikaona dawa ninayo. Nikatangaza: nyumba hii Kiswahili tu. Kisukuma kiishie kijijini. Nikanunua kitanda, viatu vyekundu na redio kubwa ili asikie Kiswahili kutwa. Na kweli Kisukuma kiliisha. Ila Kiswahili hakikuja. Mtoto alinyamaza kabisa. Wiki ya kwanza nikasema ni ukaidi. Ya pili nikasema ana minyoo, nikampeleka zahanati. Ya tatu mganga wa zahanati akaniambia, "Mzee, huyu hana ugonjwa. Nyumbani anaongea na nani?" Nikasema anaongea na sisi. Akaniangalia tu, akaita mgonjwa mwingine.

Siku ile tuliporudi, mke wangu alimwaga maji ya kuoshea vyombo uani, akaja akakaa mbele yangu.

"Nataka nikuambie kitu, usinikatize," akasema. "Bibi yangu mzaa baba alivuka mpaka pamoja na sisi. Alikuwa anajua Kirundi peke yake. Baba yangu akakataza Kirundi nyumbani, kwa woga, tusije tukatambulikana. Nimekaa na bibi yule nyumba moja mpaka nimepata akili, ananipapasa kichwa, ananiambia maneno, na mimi namwangalia. Alikufa sijui aliniambia nini. Sitafanya hivyo mara mbili."

"Sasa unataka nini?"

"Nipeleke kwa mama yako. Mimi na mtoto."

"Kufanya nini kwa mama yangu? Hakupendi."

"Najua. Nakwenda kujifunza, siendi kupendwa."

Nilimwambia atachoka baada ya wiki moja. Nilimwambia mwanamke wa kuuza dagaa hajui jembe. Nilimwambia mambo mengi, yeye huku anafunga kanga zake. Mtoto alipoona mzigo unafungwa akauendea mfuko wake wa michembe, uliokuwa umebaki mtupu, akaukunja, akauweka juu ya nguo.

Ilikuwa kiangazi, viazi vimeshachimbwa, kila nyumba ina mwamba umejaa michembe ya kuanika. Mama alitupokea kwa kutazama mabegi. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jembe lipo. Maji yapo mbali. Mimi Kiswahili sina."

Hiyo ya kusema Kiswahili hana ilikuwa nusu kweli. Alikuwa nacho cha kuuzia pamba na kugombana na karani. Lakini msimu ule wote hakukitumia. Mke wangu akimwuliza jambo kwa Kiswahili na ishara za mikono, kisu kinashikwaje, chumvi ipo wapi, huyu anayepita naye tunamwamkiaje, mama anainua kidevu kumwelekeza mtoto. Muulize huyo. Basi. Hadi leo sijui kama ilikuwa dharau au ilikuwa akili. Mama mwenyewe nilipomwuliza miaka mingi baadaye alisema, "Nilikuwa na kazi zangu." Nimeamua kumshukuru kwa vyote viwili.

Mimi nilirudi Geita. Vijana wangu walinila nyama. "Bosi, wake wa wenzetu wanakimbilia kwao. Wa kwako kamkimbilia mama mkwe. Hiyo mpya." Mwingine akasema labda ugali wangu ndio tatizo, akajibiwa kwamba sijui hata kuusonga. Ilikuwa kweli. Mwenye maduara mawili nilipanga foleni kwa mama ntilie na sahani yangu mkononi, jioni nikarudi kwenye nyumba yenye redio kubwa na viatu vyekundu vya mtoto chini ya kitanda. Nilivipangusa vumbi kila Jumapili. Sikumwambia mtu.

Nilikwenda kuwaona mara ya kwanza baada ya mwezi. Nilitembea kutoka barabarani, na kabla sijafika uani nikasikia mtu anafokewa. Ilikuwa sauti ya mtoto wangu. Mtoto aliyekuwa bubu anafoka, kwa Kisukuma kilichonyooka, kwamba vipande hivi ni vinene, vitaoza ndani, bibi atavitupa kwa nguruwe wa jirani, na wewe mkubwa mzima hujui hata kisu. Mke wangu alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha kama wanawake wa kwetu, vidole vitatu amevifunga vitambaa kwa kujikata. Akajibu kwa Kisukuma, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, kwamba basi mwalimu aonyeshe tena. Mtoto akachukua kiazi, akakata kipande chembamba, akakiinua juani mpaka mwanga ukapita.

"Umeona?" akamwambia.

"Nimeona, *mayu*," mke wangu akajibu. Kwetu hata mtoto wa kike huitwa hivyo kwa mapenzi. Sijui nani alimfundisha.

Nilisimama nyuma ya zizi nikashindwa kuingia. Mimi ambaye nimeshuka shimoni kwa kamba, ambaye maji ya udongo yamewahi kunifika kifuani chini huko, nilishindwa kuvuka ua wa mama yangu. Mama ndiye aliyeniona. Akaniambia niache kusimama kama mwizi wa ng'ombe, nikachote maji, mapipa matupu.

Walikaa mpaka mvua za kwanza. Mke wangu alilima matuta ya pamba pamoja na mama, na mikono yake ikawa kama yangu. Nilipokwenda kuwachukua, shule ikikaribia kufunguliwa, nilikuta jambo ambalo sikulitegemea. Wakifanya kazi wote watatu, mtoto alisema na bibi yake Kisukuma, na alipomgeukia mama yake alichanganya Kisukuma na Kiswahili, tena Kiswahili kile kizuri cha Chato, bila harufu ya ng'ombe hata kidogo. Alikuwa amelipwa. Alitoa neno, akapewa neno.

Siku ya kuondoka mke wangu alipiga magoti, akamuaga mama kwa Kisukuma, maneno yote mahali pake. Mama akaitikia. Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza msimu ule akasema Kiswahili, polepole, ili mke wangu asikie:

"Uliniletea mmoja nilee. Sasa chukua wawili."

Mke wangu alilia njia nzima mpaka barabarani. Mtoto akamwuliza analia nini wakati mfuko wa michembe umejaa. Kwenye feri upepo ulikuwa mkali. Mtoto alinipita mimi, akaenda akajikunja mapajani kwa mama yake, na mfuko akaniachia mimi niushike.

Nimefanya mengi tangu hapo. Nina karasha tatu za kusagia mawe, nina nyumba nne, na mkutano wowote Geita nikiingia napewa kiti cha mbele. Hayo yote nimeyatafuta kwa mikono yangu na simshukuru mtu. Lakini watoto wangu sita wote wanaongea na mama yao mpaka wananichosha, na kila mmoja alipitia kwa bibi yao kiangazi chake pamoja na mama yake, mpaka bibi yao alipotutoka. Kwa hilo nina wanawake wawili wa kuwashukuru, mmoja kaburini na mmoja yuko jikoni hapo anaimba.

Yule binti mkubwa sasa ana kazi yake Mwanza na mtoto wa kiume ambaye ameachishwa ziwa juzi. Alipiga simu wiki iliyopita, anamwuliza mama yake kwa sauti ya kuomba kama anaweza kumleta mtoto akae kwetu, kazi zimembana.

Mke wangu alinitazama mimi, simu sikioni.

"Mlete," akasema. "Ila uombe likizo. Na wewe unakuja naye."