Sahani ya Jirani na Hina ya Mikono Yangu

Kwa miaka miwili mikono yangu haikuona hina. Ukurutu ulinishika kuanzia viganjani hadi viwikoni, ngozi ikapasuka na kuwasha hata nikawa nachelea kumpa mtu mkono. Kwenye harusi za mtaani kwetu Magongo nilikaa nimejifunika buibui mpaka vidoleni, nikiwasifu wenzangu kwa michoro yao huku roho ikiniuma. Kisha mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akaposwa. Daktari wa ngozi akaniambia nikipona kabla ya harusi naweza kupaka hina ya majani, ila piko, ile rangi nyeusi ya dukani, nisiiguse kabisa. Harusi ilikuwa miezi mitatu mbele.

Daktari aliniagiza pia niendelee na marhamu na niandike kila ninachokula, kwani kwa baadhi ya watu chakula fulani huamsha ukurutu, na si wote wanaodhuriwa na kitu kimoja. Mimi nikajiongezea ya kwangu. Nikaacha mayai, nikaacha kamba, nikaacha hata nazi, mimi niliyelelewa kwa tui. Mume wangu alikula wali mkavu wiki mbili bila kulalamika, ila alianza kuchelewa kurudi kutoka bandarini, na shati lake likawa linanukia samaki wa kupaka, yule wa tui zito. Daftari langu lilipendeza: matango, papai, samaki wa kuchemsha, maji. Mikono ikazidi kuwasha.

Nisichoandika ni sahani ya jirani. Yeye kwao ni magharibi ya nchi, mimi ni wa hapa hapa, na tangu tupakane ukuta sahani yake huja kwangu na yangu huenda kwake, na hakuna inayorudi tupu. Mimi humpa mahamri au mbaazi. Yeye huniletea kunde na managu, mboga laini zenye ladha nzito. Chakula cha jirani sisi hatukihesabu kuwa tumekula, tumeonja tu. Na nani angeyashuku majani?

Mwezi wa pili wa daftari langu jirani akasafiri kwao wiki mbili. Mikono ikatulia, nyufa zikafunga, nami nikajisifu kwa matango yangu. Siku aliyorudi, sahani iliingia saa tisa, na kabla ya magharibi nilikuwa najikuna mpaka kwenye kiwiko. Nikaenda kumuuliza kwa utani huwa anaziunga kwa kitu gani mboga zake. Akasema ni karanga za kusaga, na bila hizo mboga hazina maana.

Daktari alinipima akathibitisha. Akaniambia nijiepushe na karanga, na nazi niirudie, haikuwa na kosa lolote. Kazi ikawa kumwambia jirani. Kukataa sahani ya mtu ni kumkataa mwenyewe, na mimi nampenda. Siku nne nilipokea mboga kwa tabasamu nikamlisha mume wangu. Siku ya tano nikashindwa, nikamweleza. Akaitazama mikono yangu.

"Miezi yote hii unajikuna kwa sababu ya mboga yangu, na unanyamaza?"

"Wallahi nimejua wiki hii tu. Nilichelea kukuudhi."

"Mimi niliona unazipenda, nikawa naongeza karanga."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Jioni hiyo nilikuna nazi mbili, na mume wangu, sijui nani alimpa habari, akawahi kurudi.

Siku ya hina mikono yangu ilikuwa na alama hafifu tu. Mchoraji aliigeuza, akaikagua, akaanza na kiganja cha kulia, na alipomaliza cha kushoto machozi yakanitoka mbele ya wanawake wote. Sikuwa na namna ya kuyafuta. Hina ilikuwa mbichi mikono yote miwili, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.

Jirani akaingia na sahani yake imefunikwa kawa. Akanifuta uso kwa pembe ya leso, akaketi mbele yangu.

"Nimeziunga kwa maziwa," akasema. "Fungua mdomo."

Akanilisha kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, mpaka mboga zikaisha. Kisha akaondoka na sahani yake tupu, mara ya kwanza tangu tujuane.