Ukurasa wa Pili wa Salamu za Mkuu wa Chuo

Watoto wa kijijini kwetu Ngonga wamenipa jina, wananiita Ukurasa wa Pili, na mimi naitika, maana nikikataa wataanza kumweleza kila mgeni kwa nini naitwa hivyo, na wageni ambao hawajaelezwa wamebaki wachache sana. Basi nieleze mwenyewe. Na wahusika nitawataja kwa majina, kwa sababu aibu niliibeba peke yangu wakati kazi tuliifanya wengi.

Naitwa Ambokile. Nina wajukuu wawili, shule niliishia darasa la nne, na nimenusurika mengi: mtumbwi ulinipindukia karibu na Itungi nikashikilia dumu la mafuta kuanzia asubuhi mpaka mchana, nimenusurika mafuriko mara mbili, nimenusurika mama mkwe. Lakini Jumapili ile nilizama kwenye nchi kavu, tena nimevaa suti.

Kazi yangu ni tarishi kwenye chuo kikuu cha huku kwetu (chuo sikitaji, bado kinanilisha). Miaka kumi na moja nilikuwa kibarua, na mwaka ule Mkuu wa chuo, Mama Profesa, akaniita akaniambia, "Baba Neema, jina lako nimelipeleka makao makuu uajiriwe kabisa. Wewe tulia tu, usiharibu kitu mpaka mwaka mpya." Usiharibu kitu! Maneno mawili, hata mbuzi angeweza.

Mhusika wa kwanza ni huyo huyo Mama Profesa. Kila Desemba anawaandikia wahadhiri salamu za Krismasi pamoja na habari za chuo, kurasa mbili, na hataki zipite kwenye simu, anasema salamu za sikukuu hazikai sehemu moja na vichekesho na picha za watu wanaoanguka. Kwa hiyo anazichapa, anazitia kwenye bahasha, na mimi ndiye simu yenyewe, napita nyumba hadi nyumba na baiskeli. Jumamosi ile alinipa bahasha kumi na saba, na nakala moja ya ofisi kwenye mfuko wa plastiki. "Kila mwalimu awe amepata kabla ya Jumatatu," akasema.

Sasa kabla ya kuingia Bujonde kuna mfereji wa mashamba ya mpunga, na mvua ilikuwa imenyesha, na watu wenye akili zao hushuka wakakokota baiskeli. Mimi sikushuka. Sikushuka kwa sababu kina mama walikuwa shambani wanapanda mpunga, nikaona nikishuka watasema mzee amekwisha. Uamuzi wenyewe ni huo tu, mdogo hivyo. Nikaruka na baiskeli, baiskeli ikabaki upande huu, mimi nikaenda upande ule, na begi likaingia majini.

"Ndaga fijo, tata! Asante sana, baba!" mama mmoja akapiga kelele. "Umekuja kutusaidia kulima?" Wakacheka mpaka wakakaa kwenye tope.

Bahasha kumi na saba zikawa uji. Ilipona nakala ya ofisi tu, ile ya kwenye plastiki. Kurudi kwa Mama Profesa nikamwambie nimeharibu? Hapana. Nikawaza kama tunavyowaza huku kwetu: jambo ukitaka lifike kwa kila mtu, unalipeleka kanisani likasomwe kwenye matangazo. Msiba unatangazwa pale, chanjo ya kuku pale, mbuzi aliyepotea pale, na wahadhiri karibu wote wanasali kwetu. Jioni ile ile nikampelekea Mzee Asajile.

Huyu ndiye mhusika wa pili. Mzee Asajile ni mzee wa kanisa, ndiye msomaji wa matangazo, na karatasi ukimpa anaisoma yote, haachi kitu. Tena hageuzi ukurasa bila kulamba kidole, na halambi kidole bila kuvua miwani, kuifuta, na kuivaa tena. Hilo mlikumbuke.

Na mimi je, sikuisoma kwanza? Nilisoma kichwa cha habari, "Salamu za Krismasi," nikaona inatosha. Kusoma kwangu ni kwa kidole, neno moja moja, na nilikuwa nimechoka.

Hapa lazima nikiri jambo. Nyuma ya mabweni kuna bwawa la samaki, perege, wa Daktari Mwaisaka (mhusika wa tatu), msomi mzima ambaye kila Ijumaa anavua samaki wake, anawahesabu, halafu anawarudisha majini bila kumla hata mmoja. Roho iliniuma. Basi mara moja moja, alfajiri, nilikuwa nachukua wawili. Wawili tu! Mke wangu Tusekile nilimwambia ni zawadi ya rafiki yangu mvuvi wa Itungi, naye alikuwa akiwapika na ndizi huku akimwombea huyo rafiki heri.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa, wahadhiri wamejaa, Daktari Mwaisaka yuko benchi la mbele yangu, Tusekile yuko upande wa kina mama na kitenge kipya. Mzee Asajile akasimama.

"Kwa wahadhiri wote," akaanza. "Kumbukumbu namba..." akaisoma namba yote mpaka mikwaju. Akasoma salamu. Akasoma kwamba maabara imepata bati, watu wakapiga makofi. Akasoma kwamba kutakuwa na chakula cha pamoja chuoni Jumamosi saa sita, "nyote mnakaribishwa na familia zenu," kanisa zima likaguna kwa furaha, na nyuma yangu nikasikia watu wameshaanza kupangiana nani abebe sufuria. Mimi nikajinyoosha tai, najiona mtu wa maana.

"Kuhusu bwawa la Daktari Mwaisaka," akaendelea. "Kwa miezi mingi samaki wamekuwa wakipungua. Nafurahi kuwajulisha kuwa mwizi wao sasa amejulikana. Ameonekana kwa macho, alfajiri, akitoka bwawani na samaki. Mwizi huyo ni..."

Ukurasa ukaisha.

Mzee Asajile akavua miwani. Akaifuta. Ndugu zangu, ile miwani aliifuta muda ambao mtu angeweza kuvuna ekari moja. Akaivaa. Akatoa ulimi. Kidole kikaanza kupanda.

Sijui nilifikaje madhabahuni. Nakumbuka nimeunyakua ule ukurasa wa pili na kuutia mdomoni, natafuna, karatasi ya chuo ni ngumu kama ngozi, huku napiga kelele, "Ni mimi! Usisome, mzee, ni mimi! Lakini ni wawili wawili tu!"

Ikaja sauti ya Tusekile, taratibu kabisa: "Baba Neema. Yule rafiki yako wa Itungi anaitwa nani?"

Mimi natafuna karatasi. Akaendelea, "Ndiyo maana samaki wa ziwani walikuwa wananuka tope!"

Daktari Mwaisaka akainuka. "Mzee Ambokile," akasema, "toa hiyo karatasi mdomoni. Aliyeandikwa pale ni fisi maji. Mimi mwenyewe nilimpiga picha."

Fisi maji! Yule mnyama mwenye masharubu anayezamia mitoni! Mchungaji aliegemea madhabahu, mabega yanacheza, baraka ya mwisho ikabidi itolewe na mtu mwingine.

Jumatatu Mama Profesa akaniweka kitini, akachapa upya ukurasa wa pili, akasema, "Soma mwenyewe. Sauti." Nikasoma kwa kidole. Mwizi huyo ni fisi maji. Halafu chini yake: pia nafurahi kuwatangazia kwamba tarishi wetu, Baba Neema, mtu mwaminifu, ameajiriwa rasmi. Kwenye "mwaminifu" kidole kilikataa kusogea.

"Barua ya ajira ninayo kwenye droo," akasema. "Unaniambia niifanye nini?"

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui. Samaki ni wa Mwaisaka. Atasema yeye Jumamosi."

Wiki ile sikula vizuri, na samaki ndiyo sikutaka hata kuwaona. Tusekile hakunisemesha, akawa anatokatoka tu, mara kwa kaka yake Bujonde, mara kwa kina mama wa kwaya.

Jumamosi saa sita wahadhiri wamekaa na familia zao, wamepikiwa chakula cha watu sitini, na njia ya Ngonga ikaanza kuimba. Kanisa zima! Wamebeba mchele, ndizi, kuku, masufuria, na mbele yao Tusekile, kichwani ana chungu kile kikubwa cha kufinyangwa na Wakisi, maji yanamwagikia mabegani. Akakitua mbele ya Daktari. Ndani perege wanaogelea, wazima. Nyuma yake mwingine na ndoo, mwingine na beseni, kila mwenye bwawa ametoa wake.

"Daktari," Tusekile akasema, "huyu mume wangu ni mjinga, lakini ni mjinga wa kwetu. Hesabu."

Naye akahesabu! Alivua viatu, akakunja suruali, akawatia bwawani mmoja mmoja. Akatoka na tope magotini, anacheka kama mtoto. "Mama Mkuu," akasema, "wamezidi walioibwa, hata ukiweka na wa fisi maji. Mpe mzee barua yake."

Vigelegele vilivyopigwa pale havikupigwa hata harusini kwangu. Tulikula mpaka jua likaelekea ziwani, Mama Profesa akacheza na kwaya, na fisi maji naye nasikia alisherehekea wiki nzima, tena yeye hakuna aliyemwita ofisini.

Sasa salamu za Krismasi zinasomwa kanisani kila mwaka, amri ya Mama Profesa. Na kila mwaka, Mzee Asajile akifika mwisho wa ukurasa wa kwanza, anavua miwani na kuifuta polepole, makusudi, huku kanisa zima limenigeukia. Sina samaki wa mtu tumboni siku hizi. Lakini mpaka ukurasa ugeuzwe, nashikilia benchi kwa mikono miwili, na Tusekile amehamia upande wa wanaume, amekalia pindo la koti langu, nisiruke.