Asilimia za Marehemu

Ukoo mzima ulimwita Masijala, na mwenyewe hakuona ubaya. Miaka thelathini na mitatu alikaa katika chumba cha masijala cha ofisi ya ardhi, akijua kila jalada liko rafu gani, nani amelichukua, lini, na kisingizio gani anacho cha kutolirudisha. Siku ya kustaafu alipewa saa ya ukutani na makofi mengi. Kabla saa haijapata msumari wa kutundikwa, ukoo ulikuwa umeshamfanya katibu wake.

Katibu wa ukoo huandika barua na taarifa za vikao, lakini kazi iliyompa Masijala jina ilikuwa wasifu wa marehemu. Mtu akifariki mchana, kesho yake asubuhi ukurasa uko tayari, umechapwa vizuri, nukta na mkato kila kimoja kimekaa kwake. Ukisomwa, watu hulia. Wakishafuta machozi husema kwamba shemeji yule, au mjomba yule, kwa kadiri wanavyohusiana naye, ana kalamu. Masijala huinamisha kichwa na kuangalia viatu, kama mtu asiyesikia, lakini anasikia kila neno.

Sasa mtu huyu, ambaye asingeweza kupita mbele ya jalada lililopinda bila kulinyoosha, kompyuta yake ilikuwa fedheha tupu. Kila alichoandika alikihifadhi pale pale usoni mwa skrini. Palikuwa na faili iitwayo Wasifu Mpya, nyingine Wasifu Mpya Kabisa, nyingine Wa Mwisho, nyingine Wa Mwisho Sahihi, na moja iliyoitwa Huu Ndio. Nyuma ya faili hizo ilikuwapo picha ya mkewe amekaa bustanini. Mwaka baada ya mwaka alifunikwa, mpaka likabaki sikio moja na kipande cha hereni. Mkewe, ambaye ni mkutubi, alipita siku moja, akatazama skrini na kusema, "Naona mwenzangu umenizika mapema."

Mambo yangeendelea hivyo kama ukoo usingeamua kuchapa kitabu cha marehemu wake wote. Aliyelitoa wazo hilo, na aliyelisimamia, ni shemeji yake Masijala, mjane wa kaka yake mkubwa. Mama huyo alikuwa mkaguzi wa shule, na ingawa alistaafu, hakuna aliyemwona akiacha kukagua. Hata akija kutoa pole hutazama kwanza kama mapazia yamefuliwa. Walimwita Mkaguzi, naye alilikubali jina hilo kama mtu anavyokubali cheo. Alitoa maagizo. Kurasa zote za wasifu ziwekwe pamoja, yeye azisome Ijumaa mchana, Jumamosi ziende kwa mchapaji. Kitabu hicho, alisema, ndicho watakachosoma wajukuu wanapotaka kujua wametoka kwa watu wa namna gani.

Masijala alitafuta kurasa hizo siku mbili. Alipata nusu, na nusu yenyewe mara mbili mbili. Ndipo mkewe alipomwambia kwamba kwao maktaba wanatumia programu ya kupanga faili, nzuri, na inatolewa bure.

Neno bure lilimkaa vibaya. Katika masijala yake hakikupita kitu bila hati. Hata hivyo aliipakua, akaifungua, na kitu cha kwanza kilichomtokea ni masharti ya matumizi, na chini yake vitufe viwili: Nakubali na Sikubali. Watu wengine hubonyeza cha kwanza na kuendelea na maisha yao. Masijala aliyachapa masharti yote, kurasa kumi na tisa, akayasoma na kalamu nyekundu mkononi, akatia saini ndogo chini ya kila ukurasa na saini kubwa mwishoni, akagonga muhuri wake wa Imepokelewa, akatoboa matundu mawili na kuyafunga kwenye jalada jipya. Kisha akatulia.

Siku ya nne mkewe alimkuta amekaa mbele ya skrini ile ile, mikono imekunjwa.

"Bado hujamaliza?"

"Nasubiri upande wa pili utie saini."

Mkewe aliinama, akaonyesha skrini kwa kidole. "Mume wangu, upande wa pili ni hicho kitufe."

Alikibonyeza basi, ingawa alihisi kama mtu anayeingia ofisini kwa watu bila kubisha. Hapo programu ikaanza kujiweka, lakini haikuja peke yake. Kwenye dirisha la pili palikuwa na visanduku vitatu vilivyokwisha tiwa tiki, kila kimoja kikileta ndugu yake: hiki kinataka kubadilisha ukurasa wa kwanza wa intaneti, hiki kinataka kutoa habari za hali ya hewa, hiki hakikueleweka kinataka nini. Masijala aliwajua wageni wa aina hiyo, mtu anaalikwa mmoja harusini wanashuka wanne. Aliondoa tiki zote tatu. Mstari wa kijani ukatambaa hadi mwisho, na programu ikafunguka.

Hapo ndipo alipopenda. Dirisha lilikuwa limegawanyika pande mbili, kushoto unakotoa, kulia unakopeleka. Ilikuwa meza yake ya ofisini kabisa, trei ya zinazoingia na trei ya zinazotoka. Aliitazama, na mkewe anasema alimwona akitoa leso. Alhamisi yote aliitumia kuipanga. Folda za barua alizipa rangi ya bluu, za vikao njano, za marehemu kijivu. Kila folda ilipata namba ya kumbukumbu. Faili zilihama kutoka kushoto kwenda kulia, na kwenye uso wa skrini likajitokeza shavu la mkewe, kisha pua, kisha bustani nzima. Mkewe alisema anashukuru kufufuliwa, akarudi kwenye kitabu chake.

Ijumaa asubuhi, kabla ya shemeji kufika, ilibaki kazi moja. Programu ilikuwa na kitufe cha kutafuta faili zinazofanana, ili mtu abakize moja na kufuta nyingine. Iliuliza ilinganishe kwa kigezo gani: jina, ukubwa, au maandishi ya ndani. Masijala alichagua maandishi, maana kazi yake ilikuwa imemfundisha kutoamini jina lililoandikwa juu ya jalada. Akabonyeza, akaenda kuchukua chai.

Aliporudi, kikombe kilibaki hewani. Programu ilikuwa imewapanga marehemu kumi na wawili wa ukoo kwenye safu moja. Juu kabisa, kwa kuwa faili yake ilikuwa kongwe kuliko zote, alikuwapo mama yake mzazi. Chini yake walifuata wengine kumi na mmoja, kila mmoja na asilimia yake ya kufanana na huyo wa juu. Shangazi, tisini na tano. Babu mdogo, tisini na nne. Kaka yake mkubwa, mume wa Mkaguzi, tisini na saba. Binamu yao Mzigo, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumaliza jambo aliloanza isipokuwa sahani ya chakula, tisini na saba vilevile.

Tuseme kweli, hakuwa amefanya kwa hila. Wasifu wa mama yake aliuandika usiku ule wa msiba kwa ajili yake peke yake, neno kwa neno, na uliposomwa watu walilia kweli. Miezi minane baadaye akafa shangazi, muda ulikuwa mfupi, akafungua faili ya mama, akabadilisha jina na tarehe. Watu walilia tena. Baada ya hapo nani angejaribu kuandika upya? Mama yao alikuwa na mlango wa jikoni usiofungika, kitasa kilivunjika na hakikutengenezwa, majirani wakawa wanaingia hata bila kuita. Masijala aliandika kwamba mlango wake haukufungwa kwa mtu yeyote, akimaanisha mlango huo hasa. Tangu hapo marehemu kumi na mmoja walikuwa na milango isiyofungwa, pamoja na babu mdogo aliyefuga mbwa wawili wakali ili asitembelewe. Mama yao alishona. Aliandika kwamba hakuna nguo ya mtoto iliyopita mikononi mwake ikabaki na kifungo kilichokatika. Na sentensi hiyo nayo ilisafiri.

Mkaguzi alifika saa nane kamili. Masijala alisikia viatu vyake kwenye kibaraza, akaanza kutafuta jinsi ya kulifunga dirisha lile, lakini programu alikuwa nayo siku mbili tu, na badala ya kulifunga akalikuza likajaa skrini yote. Shemeji akavaa miwani.

Alisoma safu nzima kuanzia juu hadi chini, kama alivyosoma matokeo ya mitihani ya shule zilizoanguka. Masijala alingoja hukumu. Alijua inavyokuja: kikao, ajenda, jina lake kwenye ajenda, na watu waliolia kwa miaka kumi na sita wakidai machozi yao. Heshima yake yote ilikuwa kwenye kalamu ile, na kalamu yenyewe, kumbe, iliandika mara moja tu.

"Shemeji," alisema Mkaguzi, "hii namba ya mume wangu ndiyo nini?"

Alimweleza yote, mama, shangazi, mlango, na hakuficha kitu. Mkaguzi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo lilimtisha zaidi. Kisha akaweka kidole kwenye skrini, juu ya jina la Mzigo.

"Na huyu pia tisini na saba?"

"Naye pia."

"Mume wangu na Mzigo."

"Shemeji, ni hesabu ya mashine tu."

Mkaguzi alivuta kiti akaketi. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo. "Vifungo. Miaka sita nawaambia watu marehemu alikuwa akishona vifungo vya watoto. Ulipousoma ule ukurasa makaburini niliwaza, mbona sikumbuki? Nikasema labda alishona nikiwa safarini kikazi. Juzi nimemhadithia hata mchungaji." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Fungua hiyo faili. Mume wangu ashuke. Nataka asilimia hamsini, isizidi."

Wakaanza kazi. Mkaguzi alisimama nyuma ya kiti na kusoma imla, kama zamani. Alisema andika kwamba marehemu aliheshimiwa na wakubwa na wadogo. Masijala aliandika, akabonyeza Linganisha Tena, na namba ikapanda hadi tisini na nane, kwani hata mama aliheshimiwa na wakubwa na wadogo. Alisema andika alikuwa mpenda haki. Haikutikisika. Alisema mcha Mungu, mwenye busara, nguzo ya familia. Hakuna sifa iliyomwondoa mumewe karibu na Mzigo.

"Sifa hazisaidii, shemeji," Masijala alisema kwa woga. "Inataka kitu cha kwake mwenyewe."

"Kama kipi?"

"Chochote. Hata kidogo."

Mkaguzi aliikaza miwani. Kisha, kama mtu anayetoa mwiba, akasema kwamba marehemu alikuwa akirudi kazini anabaki ndani ya gari, mbele ya nyumba, mpaka taarifa ya habari iishe redioni, wakati ndani ya nyumba kulikuwa na redio tatu. Themanini na sita. Akasema aliogopa kung'olewa jino, akatafuna upande mmoja miaka tisa. Sabini na nane. Akasema alipiga pasi soksi. Akasema wakigombana alikuwa akimwandikia barua, anaiweka chini ya kikombe chake cha chai, na barua zote zilianza na Ndugu Mkaguzi. Hapo alicheka, na Masijala, aliyemjua miaka arobaini, alitambua kwamba hakuwahi kuusikia mcheko huo. Futa vifungo, akaagiza, na huo mlango ufute, mlango wetu ulikuwa na makufuli mawili. Sitini na moja.

Ilibaki kumi na moja. Mkaguzi alikwenda akafunga mlango wa sebule, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Kile cheti chake kilichoko ukutani kwetu," alisema. "Cha chuo. Si cha kufaulu. Ni cha kuhudhuria. Fremu nilichagua mimi, pana kidogo chini, inafunika mstari wa mwisho."

Masijala aliandika taratibu, bila kugeuka. Alibonyeza. Namba ikasoma hamsini na nane.

"Tatu?" Mkaguzi aliinama mpaka pua ikakaribia skrini. "Miaka thelathini nimekaa na jambo hilo kifuani, na ni asilimia tatu?"

"Ndiyo inavyosoma, shemeji."

"Basi ondoa. Kwa tatu siwapi watu."

Akaondoa. Hamsini walifika kwa njia nyingine, kwa soksi, barua, na namna marehemu alivyojidai anajua njia na kuwapoteza. Kisha Mkaguzi akatoa uamuzi wake. Mchapaji atasubiri wiki moja. Masijala atawapigia simu jamaa wa marehemu wengine kumi. Wasifu wa mama utabaki kama ulivyo, mlango wake na vifungo vyake, kwa kuwa ni wake. Na habari za safu ile hazitatoka chumbani humo. Jina la ukoo, alisema, halikosi mahali pa kuanzia kuharibika, lakini halitaanzia kwenye kompyuta ya shemeji yangu.

Alipiga simu wiki nzima. Wa mwisho alikuwa mjane wa Mzigo, ambaye Masijala aliogopa kumpigia. Alimwomba kwa upole amtajie jambo moja tu la pekee kuhusu marehemu. Mama yule alivuta pumzi, akaanza, na simu ikaisha chaji kabla yeye hajafika mwaka wa tatu wa ndoa. Ilibidi waendelee kesho yake. Programu ilipomlinganisha Mzigo na faili ya juu, ilitoa asilimia nne, na hizo nne zilikuwa tarehe na jina la ukoo.

Ijumaa iliyofuata Mkaguzi alirudi kukagua. Safari hii hakutazama asilimia. Alihesabu kurasa. Mumewe alikuwa na kurasa mbili na nusu. Mzigo alikuwa na nne.

Alivua miwani, akaiweka mezani, akakaa.

"Shemeji," alisema, "rudisha kile cheti."