Pipa la Nyuma ya Kanisa

Nichekeni tu. Nilirudi Kakuma juzi kutoka semina ya makocha Lodwar nikijiona daktari: mchezaji aliyechoka aingie maji ya moto, kisha ya baridi. Ya moto jua lilitupa bure. Ya baridi, mwenyekiti wa timu aliahidi kutuachia kanisani. Baada ya mechi nikakuta pipa nyuma ya kanisa, nikawatumbukiza vijana mmoja mmoja, na vumbi lao.

Wanawake wakaja na sufuria. Jirani yangu Mama Achol akachungulia pipani.

“Kocha, yenu ni ile mitungi ya mlangoni. Haya tumechanga, kila nyumba kikombe, ya matanga ya Achol wangu. Mfereji umefungwa mpaka kesho.”

Mshambuliaji wangu alikuwa bado amekaa ndani, maji kifuani, akingoja nipulize filimbi atoke.