Simba wa Somo la Sarufi

Enzi za Mwingereza nilifundisha darasa la kwanza Boko, ilipokuwa bado mapori. Shule yetu ilikuwa banda la makuti lenye darasa hilo moja tu. Basi wakubwa wa elimu, kwa akili zao nyingi, wakaamua kuwa watoto wetu hawataielewa sarufi mpaka waonyeshwe wanyama wa mwituni. Wakatuletea picha. Ya kwanza ilikuwa dubu, eti dubu wa Boko. Nikawaambia watoto huyo ni mbwa aliyenenepa, tukaendelea: mbwa amelala, mbwa wamelala.

Mkaguzi wa Kizungu alikuwa anakuja. Watoto wakijibu vizuri, tungepewa darasa la pili. Wakishindwa, wangerudi shamba kuamia ndege wasile mpunga, maana shule nyingine ilikuwa huko Kinondoni, na nani angetembea? Aliyelitaka darasa hilo kuliko wote ni msichana mmoja mwenye kiherehere, aliyejibu hata maswali ambayo sijauliza.

Kwa bahati mbaya, wiki ile ile simba akamuua mama yake msichana huyo shambani. Kwetu, simba akishaua mtu, jina lake halitajwi mpaka naye auawe. Ukimtaja, umemwita. Kila mtu akawa anasema "yule" tu, na mie msomi nikasema "yule" vilevile, na mlango nikaufunga kabla ya magharibi.

Mkaguzi akaja na soksi zake ndefu. Akazipitia picha zote, na kati ya hizo zote akainua ya simba.

"Mnyama gani huyu? Nipeni sentensi."

Watoto wakatazama chini. Nikaanza kumweleza kwamba jina hilo kwa sasa halitajwi. Hata sijafika kwenye msiba, akanikatiza: serikali haijengi shule za ushirikina. Akaanza kukusanya vitu vyake.

Msichana akasimama, bado kajitanda kaniki ya msiba.

"Simba alimla mama yangu," akasema.

Mkaguzi akafurahi kweli. Akasema hiyo ni sentensi safi, wakati uliopita umekaa mahali pake, na mtoto ana ubunifu. Akapiga makofi, akatutazama akingoja nasi tupige. Roho iliniuma, nikamchukia mtu yule na soksi zake.

Jioni bibi yake msichana akaja kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mjukuu wangu harudi tena. Kamwita yule mchana kweupe, watoto wote wamesikia. Kesho nampeleka Kimbiji kwa shangazi yake."

Nikamwambia mtoto amefaulu, na darasa la pili tumelipata kwa ajili yake.

"Nimesikia," akasema. "Mama mtu keshakwenda. Hilo darasa lenu kaeni nalo."

Darasa likafunguliwa baada ya Ramadhani. Nimelifundisha miaka mingi, na sijapata mwanafunzi mwingine aliyelitaka kama yeye.